Pikipiki ina spea, kichwa hakina

IKIWA umewahi kushuka kwenye matatu pale Khayega, ambapo barabara ya kwenda Shinyalu inaachana na ile kuu ya kutoka Kisumu kwenda Kakamega, basi haya nitakayokusimulia leo si mageni kwako. Kabla hujatia mguu wa pili chini, vijana wawili watatu wa bodaboda wamekwisha kukukaribisha. Mmoja anataka mzigo wako, mwingine anauliza unakwenda wapi, wa tatu amekwisha kuwasha pikipiki.

Lakini leo usiwe na haraka ya kupanda. Simama kando kidogo, nunua ndizi mbivu, kisha uwatazame vijana hao na vyombo vyao kabla abiria hawajawa wengi. Utaona mapenzi. Mmoja anapangusa tangi kwa kitambaa laini mpaka lionyeshe uso wake. Mwingine amefunga mwavuli mkubwa, akashonea kiti kitambaa kipya chenye nakshi. Kwenye madgadi utasoma maneno ya Biblia, jina la timu ya kandanda ya Uingereza, jina la mtoto wa kwanza, au shukrani kwa mama aliyeuza ng'ombe ili pikipiki inunuliwe. Kando yao hutakosa mzee na baiskeli yake nyeusi, ile tuliyozoea kuiita Black Mamba, ambayo imebeba mikungu ya ndizi na mitungi ya maziwa tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi. Cheni imetiwa mafuta, kengele inalia, na keria imeimarishwa kwa vyuma na fundi wa jua kali.

Watu wa Isukha na Idakho wanajua kupenda chombo, kwa sababu wanajua kupenda fahali. Fahali wa kupigana halimishwi shamba. Huoshwa, hulishwa vizuri, husifiwa kwa nyimbo, na siku ya mchezo husindikizwa kwa isukuti kama bwana harusi. Pikipiki na baiskeli hapa Khayega zimerithi heshima hiyo. Jioni kazi inapopungua, wenye vyombo hukusanyika wakalinganisha: nani ana gadi mpya, nani amebadilisha taa, ya nani inakunywa petroli kidogo, ya nani inapanda kilima bila kulalamika.

Mapenzi hayo si mabaya hata kidogo. Mtu anayependa chombo chake hukikagua, na chombo kinachokaguliwa hakimtupi bwana wake. Ila kuna jambo moja linalonikera. Tazama tena zile pikipiki zilizopambwa. Helmeti iko wapi? Imening'inizwa kwenye kioo cha pembeni, au imefungwa nyuma kwa mpira kama mzigo wa kuku. Kioo kinalindwa, tangi linalindwa, kiti kinafunikwa kisinyeshewe. Kichwa peke yake ndicho kilichoachwa wazi.

Maduka ya spea yamejaa katika vituo vyetu. Ukivunja indiketa utapata nyingine, ukipasua tairi utapata jingine, hata injini nzima inabadilishwa. Nitajie duka linalouza spea ya ubongo.

KUTOKA BUSIA HADI KHAYEGA

Huenda wewe ni kijana na unadhani bodaboda ilianza na pikipiki. La. Kazi hii ilizaliwa huku kwetu magharibi, katika mpaka wa Busia, miaka ya 1960. Kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda kulikuwa na mwendo ambao magari ya abiria hayakuupita bila karatasi nyingi. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Waliweka kitambaa juu ya keria, wakawa wanawaita wasafiri kuwavusha kutoka boda hadi boda. Jina likashika, nalo limeenea Afrika Mashariki yote.

Kwa miaka mingi bodaboda ya Kakamega ilikuwa baiskeli. Mwendo wake ulikuwa wa pole, na aliyeanguka aghalabu aliamka akiwa amechubuka magoti, akajipangusa vumbi na kuendelea. Kisha, baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo kuelekea mwisho wa muongo wa 2000, mambo yakabadilika kwa haraka. Mashine za India na China zikawa za bei ambayo kijana au chama cha akina mama wangeweza kuichanga. Leo mgonjwa wa kijiji cha ndani hufika hospitali usiku kwa pikipiki, na mama mjamzito vilevile. Hatuwezi kuitukana bodaboda, msomaji. Imeokoa wengi.

Lakini mwendo uliongezeka mara kadhaa, na tabia zetu zikabaki zile za baiskeli: kupanda wawili na mtoto katikati, kubeba kitanda, kuvuka barabara kuu bila kutazama, na kichwa wazi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema kwamba watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021. Kati ya kila watu 100 waliokufa, 21 walikuwa kwenye pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu, na 6 walikuwa kwenye baiskeli.

KISA CHA MPENZI WA PIKIPIKI

Ruhusu nikupeleke mbali kidogo na Khayega, kisha turudi. Huko Uingereza aliishi mwanajeshi na mwandishi aliyeitwa T. E. Lawrence, ambaye sifa zake zilitokana na vita vya Arabuni. Bwana huyu alipenda pikipiki kuliko hata vijana wetu wa steji. Alimiliki moja baada ya nyingine za Brough Superior, zilizokuwa miongoni mwa pikipiki ghali na zenye kasi kubwa za wakati wake, na alizipa majina kama mtu awapavyo watoto wake.

Tarehe 13 Mei 1935 alikuwa akirudi nyumbani kwa pikipiki. Barabara ilikuwa na bonde dogo lililoficha kilichokuwa mbele. Ghafla akawaona wavulana wawili waliopanda baiskeli. Alijaribu kuwakwepa, akarushwa juu ya usukani, kichwa kikagonga chini. Hakuwa amevaa helmeti. Alikaa siku 6 bila fahamu, na tarehe 19 Mei akafariki akiwa na umri wa miaka 46.

Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama ni bingwa wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Daktari huyo hakuweza kumwokoa, lakini baadaye akaanza kuhesabu. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, jeshi la Uingereza lilikuwa na wapanda pikipiki wengi wa kupeleka barua. Mwaka 1941 Cairns alichapisha matokeo yake. Katika miezi 21 ya mwanzo ya vita, watu 2,279 walikuwa wamekufa wakiwa kwenye pikipiki katika barabara za Uingereza, madereva pamoja na abiria wao. Majeraha ya kichwa ndiyo yaliyowamaliza wengi. Alipotafuta waliopata ajali wakiwa wamevaa helmeti, alipata 7 tu, na wote 7 walikuwa hai.

Watu 7 ni wachache, na Cairns alijua hivyo. Hata hivyo, mwezi wa Novemba mwaka huo jeshi liliamuru kila mwendesha pikipiki wake avae helmeti, na katika miaka iliyofuata vifo vilipungua. Raia wa Uingereza walilazimishwa na sheria mwaka 1973. Tangu hapo uchunguzi mwingi umefanywa katika nchi nyingi. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya tafiti 61 na kuzipima kwa pamoja. Jibu lilikuwa kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Sisi nasi tuna sheria. Tangu marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012, mwendesha pikipiki wa Kenya anatakiwa avae helmeti na jaketi inayong'aa, abebe abiria mmoja tu, na abiria huyo naye apewe helmeti na jaketi. Wengi huikumbuka sheria hiyo wanapoona askari mbele, kisha huisahau baada ya kona.

HELMETI HUFANYAJE KAZI?

Ubongo ni laini kama uji mzito uliopoa, nao umeelea ndani ya maji katika fuvu gumu. Ukianguka, fuvu husimama ghafla kwenye lami, lakini ubongo bado unakwenda. Hugonga ukuta wa fuvu, ukarudi ukagonga upande wa pili, na mishipa midogo ya damu ikapasuka.

Wengi hudhani ganda gumu la nje ndilo linalookoa. Kazi kubwa hufanywa na lile povu jeupe la ndani, linalofanana na lile linalozuia televisheni mpya isivunjike katika boksi lake. Povu hilo hukubali kubonyea. Linapobonyea, kichwa husimama polepole zaidi, na nguvu ya pigo husambazwa badala ya kukusanyika mahali pamoja. Ndiyo maana helmeti iliyokwisha kugongwa katika ajali haifai tena, hata kama nje inang'aa. Povu lake limekwisha kufanya kazi yake.

Kutokana na hayo utaona kwamba kofia ya ujenzi, ile wanayovaa mafundi wa nyumba, haitoshi. Haikutengenezwa kwa pigo la barabara. Vilevile helmeti isiyofungwa mkanda wa kidevuni ni sawa na hakuna, kwa maana huruka kabla kichwa hakijafika chini. Ukiinunua, tafuta alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa la Kenya, yaani KEBS. Ivae, ufunge mkanda, utikise kichwa. Ikizunguka peke yake, ni kubwa mno kwako.

TUJIBU VISINGIZIO

Nimesikia visingizio vingi, na baadhi si vya kudharauliwa.

Wengine husema helmeti ya abiria inanuka na inaambukiza maradhi. Ni kweli kwamba choa na chawa vinaweza kupita kutoka kichwa kimoja hadi kingine kwa njia ya kofia. Lakini dawa ya choa hupatikana kwa urahisi, na fuvu lililopasuka ni jambo jingine kabisa. Abiria, beba kitambaa chepesi cha pamba ujifunge kabla ya kuvaa. Mwenye pikipiki, fua kitambaa cha ndani kila wiki kwa maji na sabuni ya kawaida, ukianike kivulini. Usioshe helmeti kwa petroli kama unavyoosha cheni, kwa sababu petroli huyeyusha lile povu la ndani.

Wengine husema inaharibu nywele zilizosukwa. Mama, nywele zitasukwa tena Jumamosi.

Wengine husema wanakwenda hapa karibu tu, kutoka Khayega hadi Mukumu, au hadi lile jiwe linalolia la Ilesi. Lori halijui unakwenda karibu au mbali. Safari fupi ndizo nyingi, kwa hiyo ndizo zenye nafasi nyingi za kuanguka.

Na wengine husema kwamba dereva hana helmeti ya pili. Hapa wewe abiria una nguvu kuliko askari. Steji ina vijana kumi, nawe una nauli moja. Mwambie kwa upole kwamba utapanda na aliye na helmeti mbili. Abiria watano wakisema hivyo kwa siku moja, kesho yake helmeti zitaonekana. Na ukiweza, nunua yako mwenyewe. Mtu anayepanda bodaboda kila siku ya kazi hana tofauti na dereva.

HEBU NIIJARIBU KIDOGO

Wapenzi wa vyombo hawawezi kukaa pamoja bila kuazimana. Mmoja amenunua pikipiki mpya, na mwenzake anaomba aizungushe hadi sokoni na kurudi. Ni ukarimu mzuri, lakini usijidanganye kwamba pikipiki zote ni moja. Moja breki yake hushika mapema, nyingine huchelewa. Moja ni nyepesi, nyingine huruka mbele ukigusa tu mkono wa petroli.

Mwaka 1981 huko Marekani ilitolewa ripoti ya ajali za pikipiki, maarufu kwa jina la mtaalamu aliyeiongoza, Harry Hurt. Zaidi ya nusu ya waliopata ajali walikuwa wameizoea pikipiki ile ya ajali kwa muda usiofika miezi 5. Si kwamba hawakujua kuendesha. Hawakuijua mashine hiyo.

Kwa hiyo ukiazima, au mkiwa ndugu wawili mnaotumia pikipiki moja kwa zamu ya mchana na ya usiku, fuateni taratibu hizi. Anayepokea akague breki zote mbili, matairi, taa na cheni kabla ya kuondoka, na anayekabidhi aseme kasoro bila kuficha. Dakika za kwanza ziwe za mwendo mdogo mahali pasipo na magari. Helmeti ikabidhiwe pamoja na ufunguo. Na aliyechoka asipewe. Mtu aliyekesha, au aliyepitia busaa, hana macho ya barabara hata akiwa bingwa wa Khayega nzima. Mvua ya Kakamega nayo hupenda kuja alasiri, na matone ya kwanza huchanganyika na mafuta na vumbi juu ya lami, yakaifanya iteleze kama sabuni.

BAISKELI: DAWA ISIYOUZWA DUKANI

Sasa turudi kwa yule mzee na Black Mamba yake. Vijana humcheka, lakini daktari angempigia makofi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki. Kutoka Khayega hadi mji wa Kakamega na kurudi ni kama kilomita 20, zenye vilima vyake. Kwa mwendo wa taratibu ni saa moja na nusu hivi. Akifanya hivyo mara mbili kwa wiki, mzee amevuka kipimo bila kulipa hata shilingi. Moyo wake unafanya kazi, shinikizo la damu linadhibitiwa, na hatari ya ugonjwa wa kisukari inapungua.

Kijana wa pikipiki, kwa upande wake, hukaa mchana kutwa. Mgongo hutikiswa na murram, miguu haifanyi kazi, tumbo huanza kutangulia. Ndugu yangu, unapongojea abiria usikae juu ya pikipiki. Shuka, tembea, nyoosha mgongo. Na ikiwa nyumbani mna baiskeli iliyotupwa nyuma ya jiko, itoe, uitie pumzi, uiendeshe siku ya mapumziko.

Hata hivyo baiskeli nayo ina masharti. Kiti kiwe kimo ambacho, pedeli ikiwa chini kabisa, goti limekunjika kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno magoti yatauma, na kikiwa juu mno nyonga zitayumba na mgongo utalia. Mzigo uwe chini na uwe sawa pande zote mbili. Weka reflekta nyuma na taa mbele, kwa sababu jioni ya mvua dereva wa lori haoni baiskeli nyeusi iliyobebwa na mtu aliyevaa koti jeusi. Breki za Black Mamba hupungua nguvu zikilowa, kwa hiyo anza kuzishika mapema kwenye mteremko. Na helmeti ni ya baiskeli pia, hasa kwa watoto wanaojifunza.

MAUMIVU MADOGO YANAYOSAHAULIKA

Si kila jeraha la barabarani ni la kichwa. Akina mama wengi wana alama ya kuungua kwenye ndama ya mguu, waliyoipata kwa kugusa bomba la moshi wakati wa kushuka. Shukia upande usio na bomba. Ukiungua, mwagia maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta ya kupikia, na usitumbue lengelenge. Funika kwa kitambaa safi. Kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja, au aliyeungua ni mtoto mdogo, nenda hospitali.

Watoto wanaobebwa kwenye keria ya baiskeli huingiza visigino katika spoki za gurudumu, na mwendo mdogo tu hutosha kung'oa ngozi. Weka kinga pembeni mwa gurudumu na mahali pa kukanyaga. Leso na skafu zifungwe vizuri kabla ya safari, zisije zikavutwa na gurudumu.

Madereva wengi huvaa majaketi mazito wakiogopa nimonia. Jaketi ni nzuri kwa baridi na humlinda mtu asichubuke, lakini nimonia huletwa na vijidudu, wala si upepo. Kwa hiyo ukiwa na kikohozi kilichofika wiki 2, usiseme ni upepo wa barabara. Nenda ukapimwe kifua kikuu. Kipimo na matibabu yake hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali.

AJALI IKITOKEA

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa uikate na kuibandika ukutani. Wengi huokoka ajali yenyewe, wakaumizwa zaidi na sisi tuliokimbia kuwasaidia.

1. Linda mahali kwanza. Mtu mmoja asimame kila upande wa barabara kuzuia magari. Mwingine apige simu 999 au 112, na atafute gari.

2. Tazama kama anapumua. Usimmwagie maji usoni. Usimpe maji, chai wala soda, kwa sababu aliyepoteza fahamu huweza kusongwa nayo.

3. Usivue helmeti yake kama anapumua vizuri. Fungua kioo tu. Ivue ikiwa hapumui au anatapika, na hapo mtu mmoja ashike shingo na kichwa visitikisike huku mwingine akiivuta polepole.

4. Kama anapumua lakini hana fahamu, mgeuze alale ubavu. Watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa kikifuata kiwiliwili.

5. Damu ikitoka kwa wingi mkononi au mguuni, kandamiza kwa kitambaa safi kwa nguvu bila kufungua kila mara kutazama.

6. Usimpakie kwenye pikipiki akiwa amebanwa katikati ya watu wawili, shingo ikining'inia. Mfupa wa shingo uliovunjika huweza kukata uti wa mgongo njiani, na aliyetoka kwa miguu miwili arudi na kiti cha magurudumu. Tumia ubao mpana au mlango, na gari ambalo anaweza kulala.

7. Hata akiamka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu hugonga kichwa, akazimia kidogo, akaamka, akapanda pikipiki yake, akaenda nyumbani akala chakula. Kumbe ndani ya fuvu damu inavuja polepole. Usiku anaumwa na kichwa, anatapika, anasinzia, na watu wa nyumbani wanadhani amelewa au amechoka. Asubuhi hawezi kuamshwa. Kwa hiyo kwa siku mbili za kwanza asilale peke yake. Akitapika zaidi ya mara moja, akiumwa na kichwa kinachozidi, akichanganyikiwa, akipata kifafa, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, usingoje kupambazuke. Mpeleke Mukumu au hospitali kuu ya Kakamega usiku huohuo.

Msomaji, sikukuambia uache kupenda pikipiki yako wala baiskeli yako. Ing'arishe, iimbie, iandike jina la mwanao kwenye madgadi. Lakini mtoto yule ambaye jina lake liko pale nyuma anamngojea baba jioni, wala hangojei tangi linalong'aa. Kesho asubuhi, kabla hujachukua kitambaa cha kupangusa tangi, itoe helmeti kwenye kioo uipanguse kwanza. Kisha uivae, ufunge mkanda, ndipo uwashe.

Tukijaliwa, tuonane tena wiki ijayo. Hadi wakati huo, kumbuka kwamba kinga ni bora kuliko tiba.